Mfereji Umezibwa Juu: Kutazama na Kuchuja Nyuzi Hai za Kanzidata

Katika ofisi, hospitali na vyuo vya mji wa Morogoro, kauli ya "mtandao unasumbua" hutumika kueleza karibu kila hali ambayo kompyuta imechelewa kujibu, na si ajabu mtu akainua macho kuitazama minara ya mawasiliano iliyo juu ya kilele cha Bondwa kana kwamba ukungu uliotanda huko ndio uliozuia jibu lake. Mtandao, hata hivyo, kwa maana ya minara, nyaya na mawimbi yanayobeba taarifa, ni kipande kimoja tu cha safari, na mara nyingi ombi la mtumiaji huwa limekwisha kufika salama kwenye seva, limepokelewa, na limewekwa foleni humo humo ndani nyuma ya kazi nyingine ambayo aliye dirishani hawezi kuiona. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa kuwa hitilafu ya mtandao husubiri mafundi wa kampuni ya simu, ilhali foleni iliyo ndani ya seva inaweza kusomwa mstari kwa mstari na kufunguliwa na mtu mmoja aliyeketi mbele ya kibodi, mradi anajua pa kutazama na cha kuchuja.

Kanzidata ni mkusanyiko wa taarifa zilizopangwa katika majedwali ili ziweze kuongezwa, kurekebishwa na kutafutwa kwa haraka, na seva ya kanzidata ni programu inayoyalinda majedwali hayo na kupokea maombi ya watu wengi kwa wakati mmoja. Kila ombi la kusoma au kubadili taarifa huitwa ulizo. Ili maulizo ya watu mia yasichanganyikane, seva humpa kila aliyeunganishwa nayo mkondo wake wa kazi, na mkondo huo ndio unaoitwa uzi, kwa sababu hatua zake hufuatana moja baada ya nyingine kama uzi mmoja unaopita katika kitambaa chenye nyuzi nyingi. MySQL, iliyoanzishwa na wataalamu wa Sweden na Finland mwaka 1995, humpa kila mteja uzi ndani ya programu moja. PostgreSQL, iliyotokana na mradi ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, humpa kila mteja mchakato wake kamili, yaani programu ndogo inayojitegemea. Kwa mhandisi tofauti hiyo ni kubwa, lakini kwa anayetaka kujua nani anafanya nini ndani ya seva, uzi wa MySQL na mchakato wa PostgreSQL husomwa kwa namna moja, na katika makala haya vyote viwili vinaitwa nyuzi.

Mfano ulio karibu na wananchi ni wa taarifa za afya. Zahanati na vituo vya afya vya milima ya Uluguru, kama vya kote Tanzania Bara, hujaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambamo mganga au muuguzi wa Kinole, Matombo au Mgeta huandika kila mgonjwa wa nje, kila mjamzito na kila mtoto aliyepimwa uzito, na mwezi unapokwisha huhesabu mistari hiyo na kuijumlisha katika fomu za muhtasari. Hesabu hizo huingizwa katika mfumo wa DHIS2, uliosambazwa hadi kufikia mikoa yote ya Tanzania Bara mwaka 2013. DHIS2 ni programu huria inayoendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, chimbuko lake likiwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, na taarifa zake hutunzwa katika kanzidata ya PostgreSQL. Kwa hiyo mjamzito aliyehudhuria kliniki katika mteremko wa Uluguru huishia kuwa sehemu ya tarakimu ndani ya jedwali la PostgreSQL, na kwa kuwa fomu za mwezi uliopita huingizwa katika siku za mwanzo za mwezi unaofuata, ofisi za wilaya nyingi huikimbilia kanzidata ileile katika siku zilezile. Hapo ndipo ukurasa unapozunguka bila kufunguka, na ndipo mtandao unapolaumiwa.

Seva yoyote ina ukomo wa nyuzi inazoweza kubeba. PostgreSQL, isipobadilishwa mipangilio yake, hukubali miunganisho 100, na MySQL hukubali 151. Anayefika baada ya hapo hukataliwa mlangoni. Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kuongeza namba hiyo tu. Mara nyingi si dawa, kwa maana kila uzi hula kumbukumbu ya mashine, na kama nyuzi 100 za kwanza zimekwama, nyuzi 200 za ziada zitakuja kukwama pamoja nazo.

Namna ya kuzitazama imo ndani ya seva zenyewe. Katika MySQL, na katika MariaDB iliyozaliwa kutokana nayo mwaka 2009, msimamizi huandika amri ya SHOW PROCESSLIST, na seva humpa orodha ambayo kwa MySQL ina safu nane: namba ya uzi, jina la mtumiaji, anwani ya kompyuta anakotoka, kanzidata anayoitumia, aina ya amri, muda kwa sekunde, hali ya uzi, na mwisho maneno ya ulizo lenyewe, ambayo hukatwa baada ya herufi 100 isipokuwa msimamizi ameongeza neno FULL katika amri yake. PostgreSQL huiweka orodha kama hiyo katika jedwali la kutazama liitwalo pg_stat_activity, na kwa kuwa ni jedwali, msimamizi huliuliza kama anavyouliza jedwali la wagonjwa: nipe mistari ambayo hali yake ni hii, muda wake umezidi huu, ipange kuanzia iliyokaa zaidi. Huko ndiko kuchuja, na bila kuchuja orodha ya nyuzi haina msaada mkubwa, kwa sababu seva yenye shughuli hutoa mistari mia au mia mbili, mingi ikiwa haina jambo, na jicho la binadamu aliyeamshwa usiku na simu ya mganga mkuu wa wilaya haliwezi kuona ule mmoja wenye maana.

Chukulia orodha ya mfano yenye mistari mitano. Uzi wa kwanza una hali ya "idle", yaani umetulia, umeunganishwa lakini hauna kazi. Wa pili una hali ya "active", uko kazini, na maneno yake yanaonesha kwamba unajaribu kurekebisha hesabu ya watoto waliochanjwa. Muda wake ni dakika 6. Wa tatu na wa nne nao ni "active", nao wanataka kugusa mstari uleule wa jedwali, kwa dakika 5 na dakika 4. Wa tano una hali ya "idle in transaction", maana yake ni kwamba ulianza muamala, ukabadilisha kitu, kisha ukanyamaza bila kuthibitisha wala kufuta. Umekaa hivyo kwa dakika 9. Muamala ni fungu la mabadiliko ambayo sharti yakubaliwe yote kwa pamoja au yakataliwe yote, na hadi uamuzi huo ufanyike, seva huweka kufuli juu ya mistari iliyoguswa ili mwingine asiibadilishe katikati.

Msimamizi mgeni katika kazi hii, akitaka kuona nyuzi hai tu, huchuja orodha kwa kuondoa kila uzi ambao hali yake si "active". Anabaki na mistari mitatu, anaona wa pili ndio wa zamani kuliko yote, na anaukata. Kisha wa tatu unachukua nafasi yake na kukwama vilevile, kwa sababu wote watatu walikuwa wanasubiri, na aliyewasubirisha ni wa tano, ambaye kichujio kimekwisha kumwondoa machoni kwa kosa la kutokuwa na kazi. Hili ndilo jambo gumu na muhimu kuliko yote katika somo hili: ndani ya kanzidata, uzi unaoonekana kuhangaika mara nyingi ndio unaoumia, na unaoonekana kulala ndio ulioshika ufunguo. Kichujio kilichotungwa ovyo humficha mhusika na kumwacha asiye na hatia mbele ya hukumu.

Wakulima wa mboga wa Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, wanalielewa jambo hili bila kompyuta. Bustani zao za kabichi, karoti na viazi hunyweshwa kwa mifereji inayoteka maji kwenye vijito vya juu na kuyatembeza kwenye kingo za mteremko kutoka shamba hadi shamba. Maji yanapokauka shambani, mkulima hapotezi muda akilichunguza tuta lake, wala hamkamati jirani wa chini yake ambaye naye amekauka. Huchukua jembe na kuufuata mfereji kupanda, shamba baada ya shamba, mpaka afike pale maji yalipogeuzwa, na huenda akamkuta aliyeyageuza amekwisha kwenda nyumbani na kusahau kurudisha tope na mawe mahali pake. PostgreSQL, tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016, ina amri ya pg_blocking_pids ambayo hufanya safari hiyo ya kupanda: hupewa namba ya uzi uliokwama na hurudisha namba za nyuzi zinazouzuia. Msimamizi anayeijua hachuji kwa kuuliza nani yuko kazini; huchuja kwa kuuliza nani anamsubiri nani, na orodha ya mistari mia mbili hupungua ghafla kuwa mistari michache yenye uhusiano wa wazi, kutoka kwa anayelalamika hadi kwa aliyeziba.

MySQL huhitaji uangalifu zaidi. Kwake uzi usio na kazi huandikwa "Sleep", na neno hilo halitofautishi kati ya uzi uliolala mikono mitupu na uzi uliolala huku umeshika kufuli la muamala usiomalizika. Zaidi ya hayo, uzi unaosubiri kufuli la mstari unaweza kuoneshwa katika safu ya hali kana kwamba unarekebisha taarifa, hivyo kusubiri huvaa mavazi ya kufanya kazi. Ndiyo maana orodha ya SHOW PROCESSLIST peke yake haitoshi, na msimamizi hulazimika kuisoma sambamba na jedwali la innodb_trx, linaloonesha miamala iliyo wazi na wakati kila mmoja ulipoanza.

Kigezo cha muda, ambacho ndicho wengi hukikimbilia kwanza, nacho kina mtego wake. DHIS2 hujenga upya majedwali yake ya uchambuzi, yaani yale yanayorahisisha kuchora chati na kujumlisha takwimu za wilaya na mikoa, na kazi hiyo kwa kawaida hupangwa kufanyika usiku kwa sababu ni nzito na ndefu. Uzi wake unaweza kukaa kwa saa nzima ukiwa "active", na ukichuja kila kilichozidi dakika 10 utaukuta umekaa juu kabisa ya orodha. Kuukata ni kosa: asubuhi chati zitabaki na takwimu za jana. Uzi mrefu si lazima uwe uzi mbaya, na msimamizi mzuri hujua kazi ndefu halali za seva yake kama mwenye duka anavyowajua wateja wake wa kila siku, akaziondoa katika kichujio kwa jina kabla ya kutafuta zisizojulikana.

Jina lenyewe, hata hivyo, mara nyingi halisemi lolote. Mtumiaji aliye Mvomero au Morogoro Vijijini haunganishwi moja kwa moja na kanzidata. Anazungumza na seva ya tovuti, nayo ndiyo inayoshika akiba ya miunganisho iliyokwisha kufunguliwa na kuwaazima watumiaji wake kwa zamu. Matokeo yake ni kwamba katika orodha ya nyuzi watu wote wa nchi nzima huonekana kwa jina moja la mtumiaji na anwani moja ya kompyuta, na kuchuja kwa jina hakumtenganishi yeyote. PostgreSQL ina safu ya application_name ambayo programu inaweza kujitambulisha humo, na inasikitisha kwamba watengenezaji wengi wa mifumo huiacha tupu au huandika jina lilelile kwa kila kazi, ilhali maneno mawili tu, kama "ripoti za mwezi" au "uchambuzi wa usiku", yangemwokolea msimamizi dakika 30 za kubahatisha.

Hali ni tofauti katika mifumo midogo ambayo kompyuta ya mezani huunganishwa moja kwa moja na seva iliyo chumba cha pili, kama ilivyo bado katika baadhi ya maduka ya dawa, shule na ofisi. Huko adui mkubwa ni umeme. Mhudumu anafungua rekodi, anaanza kuibadilisha, umeme unakatika, kompyuta yake inazimika, lakini seva yenye betri ya akiba inaendelea kuwaka bila kujua kwamba upande wa pili hakuna mtu. Uzi unabaki wazi, kufuli linabaki limefungwa. Mashine za Linux, kwa mipangilio yake ya kawaida, husubiri sekunde 7,200 za ukimya, yaani saa 2 kamili, kabla ya kuanza kumgonga mteja kuuliza kama bado yupo, kisha humgonga mara 9 kwa kupumzika sekunde 75 kila mara, hivyo kufuli la mtu aliyekwisha kuondoka linaweza kudumu kwa zaidi ya saa 2 na dakika 11. MySQL, kwa upande wake, humwacha mteja aliyelala kwa saa 8 kabla ya kumfungia. Mipangilio hiyo inaweza kufupishwa, na PostgreSQL ina mpangilio mahususi wa kuukata uzi ulionyamaza katikati ya muamala baada ya muda uliowekwa. Ni mstari mmoja katika faili la usanidi, na hakuna sababu nzuri ya kutouweka katika seva inayotegemewa na wagonjwa.

Uzi mkosaji ukishapatikana, kuna namna mbili za kuushughulikia. Ya upole husimamisha ulizo linaloendelea na kuuacha muunganisho uendelee kuishi: MySQL huiita KILL QUERY, na PostgreSQL hutumia pg_cancel_backend. Ya ukali huukata muunganisho wote, kwa KILL au kwa pg_terminate_backend. Namna ya upole haifai kwa uzi uliolala na muamala, kwa sababu hauna ulizo lolote la kusimamisha, na hapo ukali ndio unaofungua kufuli. Lakini kila muamala uliokatwa hurudishwa nyuma, na alichokuwa ameandika mtu hupotea. Katika MySQL kurudisha nyuma muamala uliobadilisha mistari mingi kunaweza kuchukua muda mrefu, na katika kipindi hicho uzi huendelea kuonekana katika orodha ukiwa na alama kwamba umeuawa, jambo linalowatia watu hofu hadi wakazima seva nzima na kuiwasha upya, wakati seva ikiwaka itaendelea na kazi ileile ya kurudisha pale ilipoachia. Subira hapo ni sehemu ya ufundi.

Lipo pia suala la nani aruhusiwe kuiona orodha hiyo. Safu ya maneno ya ulizo huonesha kila kitu kilichoandikwa, na katika mfumo unaotunza mgonjwa mmoja mmoja, maneno hayo yanaweza kubeba jina la mtu, namba yake ya simu na kipimo alichofanyiwa, yakisomeka wazi kwenye kioo cha fundi. Seva zenyewe zimeweka uzio: katika MySQL asiye na ruhusa ya PROCESS huona nyuzi zake tu, na katika PostgreSQL mtumiaji wa kawaida hufichwa maneno ya maulizo ya wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazipa hatua hizi za kiufundi nguvu ya wajibu, kwa kuwa anayekusanya au kuchakata taarifa za watu Tanzania anatakiwa kuzilinda dhidi ya macho yasiyohusika. Kugawa nenosiri la msimamizi mkuu kwa kila fundi anayepita, ili tu aweze "kucheki foleni", ni kuwavua wagonjwa nguo mbele ya wageni. Fundi wa kutazama foleni apewe ruhusa ya kutazama foleni, na asome safu anazozihitaji.

Udhaifu mmoja wa orodha ya nyuzi ni kwamba haina kumbukumbu. Inaonesha kinachotokea sasa hivi, na msimamizi anayeitwa saa mbili asubuhi kwa tatizo la saa nane usiku hukuta nyuzi zote zimetulia na hana cha kusoma. Kwa sababu hiyo, wenye uzoefu huandika programu ndogo inayoiuliza seva kila baada ya dakika moja, ikichuja nyuzi zinazosubiri pamoja na zile zinazozisubirisha, na kuhifadhi mistari hiyo katika jedwali la pembeni pamoja na saa yake, huku safu ya maneno ya ulizo ikipunguzwa kubakiza jina la jedwali lililoguswa. Jedwali hilo halijai haraka, kwa maana katika usiku wa kawaida hakuna anayemsubiri mtu kwa dakika nzima. Katika siku za mwanzo za mwezi, fomu za zahanati za milimani zinapoingizwa, mistari huanza kujitokeza, na baada ya miezi mitatu au minne ya kuilinganisha huonekana ni kazi ipi, ya saa ngapi, inayogeuza maji juu ya mfereji kila mara.